Hesabu ya Vichwa

Kwetu watoto hawahesabiwi.
Ukimuuliza bibi yangu ana wajukuu wangapi
alijibu, "Wapo, alhamdulillahi," akageukia sufuria,
maana idadi ikitamkwa, jicho hupata pa kutua.

Hapa Winnipeg nalipwa kuhesabu.
Kabla ya mlango, baada ya mlango,
chooni, ngazini, penye sanduku la mchanga lililoganda,
kila robo saa natia alama kwenye karatasi:
nane. Nane. Nane.

Januari kuwavisha ni kazi ya nusu saa.
Suruali ya theluji, buti, skafu, kofia, glavu
(gumba kwanza, Oksana, gumba lina chumba chake),
na ukimaliza wa nane, wa kwanza anataka kukojoa.

Leo, kabla ya buti,
Brennan alimuuma Oksana mkononi.
Kisa: lori la plastiki lenye magurudumu matatu.
Nilichelewa kwa hatua mbili.
Meno yalikuwa yameshachora duara, nukta nukta,
kama matundu ya kofia inayosubiri uzi.

Mkono wangu una kumbukumbu.
Ulilelewa na fimbo ya mpera,
nao ukaamka, ukataka kujibu.
Nikaupa barafu ushike.
Nikapiga magoti, macho yangu yakalingana na yake,
nikasema kwa Kiingereza changu cha cheti:
meno ni ya chakula; Oksana ameumia; mtazame.
Hakumtazama. Alitazama kifungo cha shati langu.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, walituambia.
Sikuchelea. Nilikaa kando yake akalia,
kamasi zikashuka, nikazifuta, akalia tena.

Kisha fomu.
Mtoto wa kwanza, mtoto wa pili: majina hayaandikwi.
Saa nne na dakika kumi. Ngozi haikuchanika.
Jioni mama yake Oksana atakuja na unga wa kiwandani kwenye nyusi,
ataniuliza, "Ni nani?"
nami nitasema, "Tunalishughulikia,"
naye atanitazama
kama mama yangu angalivyomtazama mtu wa jibu hilo.

Mlangoni nahesabu.
Saba.
Narudia, kwa kuwa kofia zinafanana.
Saba.

Sijui kama umewahi kusikia namba ikianguka.
Lango la uani lina makomeo mawili. Yamefungwa.
Nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Chooni, hakuna. Chini ya meza, kalamu ya nta na soksi moja.
Marguerite akabaki na saba wangu
nami nikaliita jina lake taratibu,
kwa sauti ya mtu anayetafuta miwani yake,
maana mtoto aliyejificha akisikia hofu
huingia ndani zaidi.

Alikuwa nyuma ya makoti,
amejizika ndani ya suruali ya theluji isiyo yake,
mkono mdomoni.
Nikautoa polepole.
Duara. Nukta nukta.
Jipya, la kina zaidi ya lile la Oksana.

"Inauma," akaniambia,
bila kulalamika, kama mtu aliyetumwa sokoni kuulizia bei
na amerudi na jibu.

Fomu haina mstari wa hilo.
Kipo kisanduku cha kuuma wenzake,
kipo cha kujiumiza,
na kalamu yangu ilisimama katikati yao
hadi wino ukaacha doa.
Pembeni nikaandika: alitaka kujua.
Barafu, mara ya pili.

Tukatoka. Theluji ililia chini ya buti.
Oksana alimwachia lile lori,
au alilisahau tu karibu naye, sijui,
wala sikuuliza; nilikuwa na kazi ya kidole.
Bembea, wawili. Uzio, mmoja, analamba chuma,
Wyatt, toa ulimi! Kilimani, wanne.
Na huyu aliyeshika ncha ya koti langu.

Nane, bibi, nisamehe.
Wapo.