Nyuma ya Stakabadhi

Otmari,
karatasi hii ina kosa upande wa pili:
niliandika sabini na nane badala ya themanini na saba,
mzee Nandonde akanitazama kama mwizi.
Usigeuze. Soma huku.

Nimesikia umeulizia bei ya pikipiki.
Habari zilipanda Kitangari kabla ya jogoo,
pamoja na lori la magunia matupu kutoka Masasi.
Wanasema umeshapiga hesabu: mikorosho ya marehemu baba,
bei ya mnada wa kwanza,
toa deni la salfa, baki ni pikipiki nyekundu.
Hesabu yako sahihi. Mwalimu angekupa vema.
Ila mtihani ni wiki tatu.

Mimi kazi yangu ni mzani.
Asubuhi hadi jioni nasoma mshale,
natoa uzito wa gunia, naandika kilichobaki.
Nimejifunza jambo ambalo kidato cha pili
hakikunifundisha, maana sikukimaliza:
korosho zetu hupanda meli na maganda yake,
huko mbali wakazibangua, wakazikaanga, wakazitia chumvi,
siku moja zikarudi dukani kwa Mkwachu
ndani ya pakiti inayong'aa,
punje kumi na nne, nilizihesabu,
kwa bei iliyonifanya nizirudishe rafuni.

Usipande ukiwa na ganda, mdogo wangu.

Na kangomba unamjua. Yule mtu wa Julai,
njaa ikiwa imekaa jikoni kama mgeni asiyeaga,
anakuja na kisado chake na noti mbili laini,
ananunua maua yakiwa bado juu ya mti.
Mwaka ule baba anaumwa
nilijiuza hivyo, na hakuna aliyenilazimisha:
nilitundika sare msumarini,
nikasema nitarudi msimu ukiisha.
Msimu hauishi. Huo ndio ujanja wake.

Babu alivuka Ruvuma na mtoto mgongoni.
Shule aliiita shikola mpaka anakufa,
neno alilolijua kwa nje,
kama mtu ajuavyo nyumba kwa paa lake.
Kwa hiyo ofisini Newala wakaniuliza:
babu yenu kazaliwa upande upi wa mto?
Nikaenda mara ya pili. Ya tatu karani yuko msibani.
Ya nne nilikaa mlangoni
mpaka wakanifagia miguu.
Cheti chako cha kuzaliwa kipo. Kina muhuri.
Kimelala kwenye debe la unga, ndani ya mfuko wa nailoni,
kinangoja siku utakayojaza fomu ya mkopo wa chuo.

Sitakudanganya. Fidelisi wa kwa Likwinda
ana digrii na anauza vocha.
Jana nilimwuliza, kwa ajili yako, kama anajuta.
Alicheka, akafuta kaunta, akasema
kozi aliyochagua anaijutia; kusoma, hapana.
Halafu akanikumbusha ule mkataba wa mwezi wa tisa,
wino wa dole gumba ulishaanza kuzunguka mezani.
Ni yeye tu aliyefika aya ya saba.
Akainua mkono. Mgeni akafunga mkoba wake.

Chini ya mikorosho tutainama mimi na mama.
Mgongo wangu umeshazoea;
wako uache uzoee dawati,
mwezi huu, na miaka miwili ya juu,
na ile mitatu ya chuo, Mungu akipenda.
Ni mingi. Nimeipima.
Uzito wa gunia nimeshautoa.

Chitanda wa lori atakuletea kalamu mbili.
Ile ya bluu nimeijaribu hapa hapa,
ndiyo wino unaousoma:
imekwama mara moja tu, pale kwenye baba.

Dada yako,
Kolumba