Nambari Ishirini na Saba

Jumamosi usiku tunalivua gari nguo.
Viti vya nyuma vinatoka, vinakaa sebuleni
kama wageni waliosahau kuaga.
Trei za mayai zinapanda juu ya kabati.
Ndolo, fundi wa Grogan, yuko chini ya injini,
tochi mdomoni, anabembeleza boliti
kwa lugha isiyo Kikamba wala Kiswahili.

Mwenye gari ni mke wangu, Kerubo.
Siku sita husambaza mayai, Burma, Kariobangi, Eastleigh,
akipita mashimo kwa mikono ya mkunga.
Siku ya saba hakuna anayemwomba upole.

Alfajiri tukashika Barabara ya Ngong,
gari likijipeleka lenyewe kwenye mashindano yake,
nambari mlangoni imekatwa kwa karatasi ya gundi,
saba yake imeinama kidogo.
Magari ya wenzetu huletwa juu ya trela,
yamefunikwa gubigubi kama bibi harusi.
La Bansal ni la spoti, jekundu, limelala chini kama mjusi,
na Julai hii yenye baridi ya kuuma meno
tairi zake zilivikwa blanketi la umeme.
Ndolo akalitazama kwa muda mrefu.
"Hata mama yangu hana," akasema.

Sisi hatukuja kushindana na Bansal.
Kundi letu ni la magari ya nyumbani,
yale yanayopeleka watoto shule na maiti Kisii,
na alama mbili tu zilitutenga na Otundo
na Datsun yake ya bluu isiyojua kufa.
Duru ya tano. Ya kufunga msimu.

Nilisimama ukutani na saa ya michezo
niliyoazima kwa mwalimu wa shule jirani.
Dakika moja na sekunde kumi na mbili.
Kumi na moja.
Kumi na moja na nukta.
Jekundu lilipita mara mbili kama tusi,
halafu wakaja wetu, wamebanana, wanakohoa,
vumbi, mpira ulioungua, mafuta,
na ile sauti ya gia ya tatu
ambayo Ndolo huisikiliza akiwa amefumba macho.

Nimewaza sana juu ya mbio hizi.
Mizunguko kumi na minane, roho mkononi,
na unapomaliza uko palepale ulipoanzia,
umepungukiwa tairi nne na ada ya muhula.
Mwenda pole hajikwai, walisema.
Ni kweli. Wala hapewi kikombe.

Mzunguko wa mwisho, kona ya mabanda ya ng'ombe,
Otundo akateleza, akaacha mlango wazi,
upana wa gari moja na koti la rangi.
"Ingia!" Ndolo akapiga kelele. "Ingia, mama, ingia!"
Watu wakasimama juu ya makreti ya soda.
Pua ya gari letu ikaelekea pale,
ikaelekea,
kisha nikasikia mguu wake ukiachia mafuta.
Sauti ilishuka. Kidogo tu. Kama mtu anayemeza mate.
Mlango ukafungwa.
Nukta tatu za sekunde.

Ndolo hakusema neno. Alikusanya spana zake
akizifuta moja moja, hata zile safi.
Otundo alikuja kutupa mkono, macho mekundu kwa vumbi,
akauliza kama tuna jeki ya kumwazima.
Tulikuwa nayo.

Nilingoja hadi usiku, tukirudisha viti.
Nikamuuliza taratibu, nikiwa nimeshika upande mmoja.
"Nilisikia trei," akasema.
"Trei gani? Gari lilikuwa tupu."
"Najua lilikuwa tupu."
Akakaza boliti, akajaribu kiti kwa goti.
"Nilisikia trei."

Jumatatu, Burma, kabla ya jua,
muuza chipsi alihesabu mayai yake mia tatu
chini ya ile nambari tuliyosahau kuibandua,
akayageuza, akayaangazia tochi,
hakupata hata moja lenye ufa.