Kisanduku cha Tatu

Ghorofa ya pili Kijitonyama, juu ya duka la vipuri vya bajaji,
feni inageuza shingo kama mtu aliyesahau alichofuata,
nami tangu saa mbili asubuhi nauliza swali moja:
je, kisanduku hiki kitupu?

Swali dogo hilo. Javaskripti hulimaliza kwa mstari mmoja:
chukua kilichoandikwa, kipime na nukuu mbili
zilizosimama bega kwa bega, katikati pasiwe na kitu.
Vikilingana, zuia fomu isiende.
Chora mpaka mwekundu. Andika chini yake: Tafadhali jaza hapa.

Nikashuka kula mihogo. Narudi, Shekwavi ananicheka:
fomu imepita, na jina la mgonjwa ni nafasi nne
alizozibonyeza kwa kidole gumba, basi.
"Mashine yako imesikia pumzi ikadhani ni neno."
Kweli. Machoni pa kompyuta nafasi ni herufi kama herufi nyingine,
ina uzito wake, inahesabiwa.
Nikaweka amri ya kuparua, mbele na nyuma,
kama waparuaji wa Feri wanavyotoa magamba,
ndipo swali liulizwe upya.

Ikabaki sifuri.
Watoto walio hai, fomu inauliza.
Nililigeuza jibu kuwa namba, kisha nikauliza kivivu: kuna kitu?
Na sifuri, ukiiuliza hivyo, husema hakuna.
Mpaka mwekundu ukamzunguka mtu aliyekwisha kujibu.
Sifuri ni jibu. Aliyezika anaijua.
Hilo nililirekebisha nimesimama.

Fomu ikaenda zahanati moja ya Mbagala, kompyuta moja, dirisha moja,
Bi Sikujua wa mapokezi akichapa kwa vidole viwili.
Mwisho wa mwezi nikafungua jedwali
nikakutana na Bwana Nukta.

Jina la baba: nukta.
Jina la baba: nukta.
Watoto mia mbili na kumi na wanne, baba yao huyo huyo,
mzazi mwenye bidii, mdogo kuliko punje ya ulezi.
Wengine wa Xx. Mmoja wa Hayupo.
Mmoja wa Muulizeni Mwenyewe.
Visanduku vyote vimejaa, hakuna kitupu hata kimoja.
Ndiyo kazi niliyopewa, na nilikuwa nimeifanya vizuri.

Nikapiga simu.
"Mwanangu," akasema Bi Sikujua, "nukta naziweka mimi.
Mashine inang'ang'ania, foleni imefika kwa muuza maji,
mtoto anachemka homa. Wewe ungefanyaje?
Ila leo yupo mmoja kanishika mkono.
Anaitwa Tatu. Kasema usimwandikie mwanangu nukta,
hapo pana pengo, liache lionekane."

Kisanduku cha tatu, na Tatu kasimama mbele yake.
Ndani ya simu nikasikia kikohozi, kiti kikiburutwa,
mtu akisema tunachelewa jamani.
Nikalitafuta sharti langu, lile la nukuu mbili,
lililoninyima usingizi na kunipa sifa kwa Shekwavi,
nikaliondoa mstari ule mmoja.
Jina la mgonjwa nikaliacha chini ya ulinzi, na simu, na mtaa.

Swali bado linaulizwa, mazoea hayana dawa,
ila halifungi tena mlango.
Je, kisanduku hiki kitupu?
Mashine ina maneno mawili tu ya kujibia. Inachagua moja:
kweli.

Basi pita, Tatu. Daktari yuko mlango wa kushoto.