Inagonga Ikitaka

Mafuru karudi, mara ya tatu wiki hii,
kaisukuma toka Buzuruga, shati limemganda mgongoni.
"Inagonga, fundi. Halafu inazima.
Halafu inawaka kama haijafanya kitu."

Naipiga kiki. Inawaka papo hapo,
inanguruma polepole, ina adabu
kama mtoto mtundu mbele ya mgeni.

Ndivyo zilivyo. Homa hupoa mlangoni pa zahanati.

Jumatatu nilibadili plagi.
Ya zamani ilikuwa nyeupe nchani, nyeupe ya mfupa;
niliiona, nikaitupa koponi,
wala sikuiuliza.
Jumatano nikapima valvu,
nikafungua kabureta, nikapuliza jeti kwa mdomo
hadi petroli ikaniunguza ulimi.
Elfu nane. Nikasema: imepona.
Leo nayala maneno yangu, hayana hata chumvi.

"Sayi, lete bisibisi ndefu."
Ncha kwenye silinda, mpini sikioni.
Valvu zinatafuna karanga zao,
mnyororo unanong'ona,
pistoni inakwenda, inarudi.
Hakuna anayegonga humu.

Basi twende.
Mimi mbele, mwenye mali nyuma kama abiria,
Mabatini, mjini, tunakata kupanda Bugando.
Katikati ya kilima ndipo inaanza:
ko.
Ko-ko.
Mtu anayebisha hodi na hataki kufunguliwa.
Nguvu zinaiishia. Inakohoa.
Kimya.

Chini yetu ziwa limekaa kati ya mawe,
kivuko cha Kamanga kimebeba malori madogo kama njugu,
na mimi nimeshika breki, sina neno.

Mafuru hasubiri neno langu.
Anashuka, anafungua mfuniko wa tangi, anachungulia.

Fsss.

Pumzi ya mzamiaji aliyeibuka.

"Mafuta yapo," anasema, anafunga.
"Piga sasa, itawaka."
Inawaka.

"Mafuru. Huwa unafungua kila ikizima?"
"Kila mara. Nitajuaje kama yapo?"

Nauomba mfuniko. Naugeuza.
Ndani kuna mpira wa tyubu, umekatwa duara safi,
umegundishwa kwa mkono usio na haraka,
juu ya kitundu kisichozidi tundu la sindano.

"Petroli inaruka hewani, fundi, na bei hii!
Nikasema lisitoke hata tone."

Halikutoka. Wala hewa haikuingia.
Tangi likatoa, likatoa, pasipo wa kulirudishia,
mpaka likayanyonya mafuta yake lenyewe, likayazuia.
Silinda ikabaki na njaa,
moto mkali juu ya sahani tupu,
ndiyo ikawa inagonga meza.

Naubandua mpira kwa kucha.
Tunashuka hadi chini, tunapanda.
Tunashuka tena, tunapanda.
Mara ya nne Mafuru anaanza kuhesabu mafuta ninayochoma.
Haigongi.

"Nikupe ngapi?"
Naiona ile plagi ndani ya kopo,
nyeupe tangu Jumatatu, ikisema njaa, njaa,
na mimi nikiwa bize na spana.
"Nenda, Mafuru. Wateja wako Mwaloni wanasubiri samaki."

Jioni Sayi anafungua daftari, kalamu mdomoni.
"Niandike ugonjwa gani?"
Mfuniko.
"Na bei?"

Acha wazi.