Asilimia Sitini na Tano

Kibao kipya kimesimama kona ya duka la Mama Lechipya:
HATUA YA KAZI, ASILIMIA SITINI NA TANO.
Injinia amekipigilia mwenyewe, akapangusa mikono, akaondoka.
Sikatai. Ila mimi nakaa chini,
na aliyekaa chini huhesabu kwa nyayo.

Kabla ya vitofali, mtaa huu ulikuwa shamba langu.
Kila jiwe lilinifanyia kazi bila mshahara:
lilikata kamba za kandambili, liling'oa soli,
lilimrudisha kwangu karani wa Makole mara mbili kwa mwezi,
kiatu kimefumbua mdomo kama kifaranga.
Na mvua ikinyesha, zile chache za Januari,
tope la Majengo lilivua watu viatu hadharani
na mimi ndiye niliyeitwa.

Sasa wamepanga vitofali, vyekundu na vya kijivu,
kuanzia msikitini hadi kwa wauza mitumba.
Vimebanana kama meno ya kijana.
Watu wanapita wakitazama mbele.
Miezi miwili sijashona soli ya yule karani.
Ananisalimu tu, kwa furaha, na kiatu chake kizima.

Lakini Mungu hamtupi fundi:
kati ya kitofali na kitofali kuna ufa wa kidole kimoja,
na mabinti wa benki wana visigino vya msumari.
Jumatatu pekee nimebandika vitano.
Injinia, ufa huo usiuzibe haraka.

Taa ni kumi na nne. Zinazowaka, kumi na tatu.
Ya tisa ndiyo iliyo juu ya kichwa changu.
Imeletwa, imesimikwa, imepigwa picha,
usiku inalitazama giza kama sisi sote.
Ng'ambo, Nyemo wa chipsi anakaanga mpaka saa nne,
viazi vyake vinang'aa kama vimeoshwa kwa mbalamwezi;
mimi nashika uzi, naazima mwanga wake.
Mwanga wa jirani hauna riba,
ila haufiki kwenye tundu la sindano.

Na miti. Kibaoni wameandika ishirini na miwili.
Waliipanda asubuhi, wakiwa na suti na majembe mapya yenye utepe,
wakanawa kwa maji ya chupa.
Jioni hiyohiyo mbuzi wa Mzee Ndahani waliukagua mradi
toka mwanzo hadi mwisho,
wakapitisha saba.
Upepo wa Julai ukaja na vumbi lake, ukachukua mitatu.
Mmoja uligongwa na bajaji ikirudi nyuma.
Kumi bado inasimama, kwa viwango tofauti vya kusimama.
Na mmoja, huu wa mbele yangu, sijui niuhesabu vipi.

Ni mwarobaini, kimo cha mtoto wa chekechea.
Maji yakikatika, dumu ni shilingi mia tano,
na siwezi kuununulia mti maji
wakati nyumbani tunaoga kwa kopo.
Ila nina beseni la kulowekea ngozi.
Jioni, badala ya kumwaga mtaroni, namwaga kwenye shina.
Maji meusi, yana harufu ya ng'ombe na rangi ya kiwi.
Sechelela wa cherehani alisema nitauua.
Umetoa majani manne.
Baadaye nikaacha kuhesabu.

Jana saa saba mchana, jua likiwa utosini,
niliona kitu chini yake, cheusi, kinatikisika.
Nikadhani kipande cha ngozi kimenidondoka,
nikainama kukiokota.
Kilikuwa kivuli.

Nilikuwa na ndara ya mtoto, nimeipaka gundi,
gundi isiyopenda jua kali.
Nikaiweka hapo.
Imeingia hadi kwenye kamba.
Kisigino bado kiko nje.