Kijembe cha Ekkehard Plötzner

Panya, wanasema, huuma akipuliza.
Ekkehard aliuma. Kupuliza alisahau,
ama pumzi zilimwishia ngazini,
ghorofa ya nne, Mtaa wa Watengeneza Ngozi, mjini Halle,
ambako moshi wa makaa ya mawe
ulianikwa kamba moja na mashuka.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wake.
Nakala tatu, kaboni katikati,
ya tatu hafifu kama mtu anayesemea bafuni:
moja ya jukwaa, moja ya droo,
moja ya Bwana Drehse wa ofisi ya vibali.

Drehse alikuwa na kalamu nyekundu
na tumbo lisilompa raha.
Alisoma akinywa maji ya moto.
Palipoandikwa
"Mpango wa miaka mitano tumeutimiza kwa minne;
anayejua mwaka wa tano umefichwa wapi atoe taarifa,"
alikata.
Palipoandikwa mwenyekiti ametunukiwa nishani
kwa kuzibeba nishani zake nyingine bila kuinama,
alikata, akarudi, akakata tena
mpaka karatasi ikatoboka.
Vichekesho vya mama mkwe aliviacha vyote.

"Huyu mtu," Ekkehard aliniambia,
"hajakosea hata siku moja.
Ukumbi hucheka pasipostahili.
Yeye peke yake ndiye anayejua nilipoficha wembe."

Ukuta ukaanguka.
Akaandika kila kitu, waziwazi, kwa majina.
Viti mia mbili; walikuja watu kumi na mmoja,
wawili kati yao wakikimbia mvua.
Alinunua kalamu nyekundu ajikate mwenyewe,
mkono usijue pa kuanzia.

Kisha makabati yakafunguliwa.
Tulikwenda Februari, yeye na fimbo, mimi na miwani.
Jalada lenye namba, kamba ya katani,
na humo
kila sentensi iliyokatwa
imepigwa chapa upya, bila kosa la herufi,
ikapangwa kwa tarehe.
Miaka kumi na tisa. Kurasa mia nne na sita.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa sisimizi:
"Hii nzuri."
"Hii inaishinda ya Machi."
Na mahali pamoja tu:
"Nimemsomea Gerlinde. Amecheka."

Aliuliza Gerlinde ni nani.
Karani akapandisha mabega.
Ekkehard akafunga kifungo cha juu cha koti,
akafungua tena ukurasa wa tisini,
akaweka kidole.
"Hapa," akasema, "neno la tatu. Amelibadilisha."

Nikasoma. Nikasoma tena.
Lilikuwa bora.