Ulichoiambia Simu

Jumanne, saa nne usiku, umeme umekatika Katubuka yote,
ujumbe ukaingia kutoka kwa mdogo wangu.
Miezi saba hatukuwa tumesemeshana.
"Dada mpendwa," ulisema,
"natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa mwenye afya njema.
Ningependa kutambua maumivu niliyokusababishia."

Nikaigeuza simu nitazame mgongo wake,
kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi.

Domitila hajawahi kuniita dada mpendwa.
Ananiita Kidumu, tangu darasa la pili,
kwa ufupi wangu na tumbo.
Domitila haandiki "ningependa."
Anaandika "xaxa" na "cjui" na "we mzee uko hai,"
na koma kwake ni chumvi: akikumbuka, anatia.
Huyu aliyeandika alikuwa amevaa soksi.

Tuligombana kwa debe la mawese.
Debe lilikuwa mlango tu; ugomvi wenyewe
ulikaa ndani tangu matanga ya mama,
umekunja miguu, unasubiri kufunguliwa.

Nikamwita Elifazi wangu, yuko kidato cha tatu.
"Mama, na wewe ikujibie," akasema,
kama anayeniambia niongeze maji kwenye maharage.
Simu ikauliza: sauti gani?
Ya heshima, ya kirafiki, ya upole?
Nikachagua upole,
mimi niliyewahi kumkimbiza mtu na mwiko hadi barabarani.
Ikaandika aya tatu. Sikuzisoma zote. Nikatuma.

Alhamisi tukawa tumepatana.
Yaani simu zilipatana. Zilisameheana vizuri sana,
zikamaliza na viganja viwili vilivyobanwa kwa sala.

Jumamosi nikamkuta Kibirizi, kwenye vichanja vya dagaa,
ameinamia gunia.
Tukasimama.
Mtu unaanzia wapi
ukishasamehewa kwa ufasaha kiasi kile?
"Mwakeye," nikasema,
salamu ya asubuhi, na ilikuwa saa nane mchana.
Akatazama miguu yangu.
Nami nikatazama dagaa, kila mmoja na jicho lake.

Kuna kitu kilikuwa kinanila.
Katika barua ile ya soksi, aya ya pili, palikuwa na mstari:
"Ninafahamu kuwa katika saa zake za mwisho
mama aliita jina lako, si langu."
Hilo simu ililijuaje?
Haikuwapo chumbani.
Haikumsikia mama akiniita, mara mbili,
na Domi ndiye aliyeshika bakuli la uji.

"Nionyeshe," nikamwambia.
"Nini?"
"Ulichoiambia simu, kabla haijaandika."

Akakataa. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaifuta tena.
Muuza dagaa akauliza tunanunua au tunamzibia jua.
Akanipa.

"niandikie meseji ya dada angu kidumu ,nimemkosea kuhusu debe
mama alimwita yy ,mm nilikuwepo hakuniita
cjui nianzeje nimemmic xana
iwe nzuri ye anajuaga kuxoma"

Nikaanza kuisoma nimesimama,
nikaimalizia nimechuchumaa.

"Na yako?" akasema.
Yangu niliionea haya. Nilimpa Elifazi maneno saba:
Mwambie nimechoka kununa. Mwambie aje na debe.

Akacheka, pua yake ya mama ikakunjamana,
kisha akaacha kucheka ghafla.
"Lile debe lilikuwa na matope chini."
"Halikuwa na matope."
Muuza dagaa akavuta gunia lake pembeni.
"Lilikuwa nayo, Kidumu."